Kabla Hujanunua Vigae vya Kiandalusia

Dada mmoja ameniandikia kwamba nyumba imekwisha, sebule ndiyo imebaki, na anataka ifanane na Alhambra, lile jumba la masultani wa Kiislamu kule Granada, Andalusia, kusini mwa Hispania. Anauliza anunue vigae gani. Nimempenda bure, maana ndoto hiyohiyo ndiyo iliyonileta Hispania. Lakini dada yangu, vigae viache mwisho.

Kazi yangu ya kwanza Sevilla ilikuwa katika ofisi iliyokuwa ikikarabati nyumba ya kale yenye ua katikati. Mkuu wetu alitaka vigae kutoka sakafuni mpaka darini, kuta zote nne, wageni wapate pa kupigia picha. Nilipinga. Nikamwomba twende Alcázar, makao ya kifalme ya hapo Sevilla, kwenye jumba alilojenga mfalme Pedro wa Kwanza miaka ya 1360, akaone mwenyewe: vigae viko chini, juu yake nakshi za plasta, kisha dari ya mbao. Kigae kinahimili migongo, maji na ufagio. Plasta haiwezi, ndiyo maana inakaa mkono usikofika. Akanijibu mbele ya mafundi kwamba Mwafrika hawezi kumfundisha Uhispania wake.

Niliacha kazi. Maneno yale hayajanitoka mpaka leo.

Na Uhispania wake ni upi? Pedro alikuwa Mkristo, lakini kuta zake zimejaa Kiarabu, hata ile kauli ya masultani wa Granada: hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mafundi Waislamu walifanya kazi kwa wafalme Wakristo, na ufundi wao ukaendelea hata baada ya Granada kusalimu amri mwaka 1492. Anayeishi katika nyumba hizi bila kutaka kulijua hilo ataziharibu tu.

Somo kubwa nililipata Alhambra kwenyewe, katika kile chumba kidogo cha Lindaraja. Madirisha yake yako chini sana, na watalii hupita wakiwa wima bila kuyajali. Nilichuchumaa. Papo hapo chumba kikakaa sawa! Wenyeji wake walikaa sakafuni juu ya mito, na kila kitu kilipimwa kwa jicho la mtu aliyeketi. Tangu siku hiyo sichori chumba kabla ya kujua watu watakaa wapi.

Mwezi huu nimekabidhi nyumba ya kwanza niliyoisanifu peke yangu, ya bibi mmoja mjane. Vigae vya kijani na vyeupe vinaishia usawa wa kiuno, juu ni chokaa tupu, na uani kuna kisima kidogo cha maji yanayochuruzika. Bibi alilia. Mimi pia nililia, na najivunia kila inchi ya nyumba ile.

Basi dada, ondoa makochi kwanza. Keti sakafuni asubuhi, adhuhuri na alasiri, uone mwanga unaingilia wapi. Chagua ukuta mmoja wa nakshi, mingine iache nyeupe. Wazee wa Lamu walilijua hili: nje ukuta mtupu, zidaka za plasta zimejipanga chumba cha ndani kabisa. Usikubali muuza vigae akupimie ukuta mzima, yeye anahesabu maboksi. Ukishajua macho ya aliyeketi yanafika wapi, niandikie tena, uniambie na kimo cha dari, ndipo tuzungumze rangi.