Mvua ya Mwera haimo kwenye kompyuta

Wengi mkishaweka mchezo wa kurusha ndege, mnakimbilia kitufe cha hali ya hewa ya sasa hivi, mnachagua uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Unguja, kisha mnachungulia dirishani. Nje inamwagika, kwenye kioo cha kompyuta jua linawaka. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza.

Wadogo zangu, mchezo hauna macho Kisauni, ulipo uwanja huo. Unachokiona ni makisio ya kompyuta za mbali, yakatiwa viraka vya ripoti za viwanjani. Mchezo wa X-Plane 12 hutegemea utabiri uitwao GFS, wa NOAA, shirika la hali ya hewa la Marekani; ule wa Microsoft Flight Simulator hutegemea kampuni ya Meteoblue ya Uswisi. GFS hukokotolewa mara 4 kwa siku, na data zake hutolewa kwa miraba ya takriban kilomita 28 kila upande. Unguja yenyewe upana wake haufiki kilomita 40. Mraba mmoja unaweza kumeza Mwera na Tunguu pamoja, na sote tunaijua mvua ya vuli: Mwera watu wanakimbia na ndoo, Tunguu vumbi linatimka. Wingu la namna hiyo huzaliwa, likanyesha na likafa kabla hesabu mpya haijatoka.

Viraka navyo vina mipaka yake. Ripoti ya uwanja, ile METAR, kwa kawaida hutoka kila saa au nusu saa. Upepo wake ni wastani wa dakika 10, mwelekeo umekadiriwa kwa nyuzi kumi kumi, na dharuba haiandikwi mpaka iuzidi wastani kwa noti 10 (maili za baharini kwa saa) au zaidi. Mawingu ya juu ya futi 5,000 mara nyingi hayatajwi kabisa, isipokuwa ya radi. Kwa hiyo mkipaa juu ya hapo, anga mnayoiona ni ya makisio matupu.

Someni saa ya ripoti kabla ya kuulaumu mchezo. Imeandikwa 0600Z, yaani saa 6 kwa saa ya kimataifa (UTC)? Hiyo ni saa tatu asubuhi kwetu: toeni tatu tu, msihangaike kujumlisha halafu mgeuze. Kama sasa ni saa nne kasoro, mnarukia hewa ya zamani. Na angalieni bando. Likikatika mchezo hausimami, unaendelea na hewa yoyote uliyonayo, nanyi mnadhani bado ni ya kweli.

Mazoezi ya kutua, mimi nayataka kwa hewa ya kupanga wenyewe. Njia ya kurukia ya Karume ni 18/36, yaani upande mmoja unaelekea nyuzi 180, mwingine 360. Wekeni kusi litokalo nyuzi 140, noti 18, mtue kwa njia ya 18: upepo wa ubavuni unakuwa kama noti 12. Geuzeni uwe nyuzi 150, unashuka hadi 9. Kama nusu ya tofauti hiyo ndiyo ile ripoti inayoweza kuificha kwa kukadiria, na mkono wa mgeni unaihisi pale magurudumu yanapokaribia lami. Rudieni hewa ile ile mpaka mguu uzoee pedali, kisha ongezeni dharuba kidogo kidogo. Hewa ya moja kwa moja haikupi nafasi ya kurudia. Dakika ishirini baadaye imeshageuka, hujui kama umetua vizuri kwa ustadi au upepo umelala.

Hiyo ya moja kwa moja iacheni kwa safari za kujifurahisha, Karume hadi Pemba, usiku mkiwa hamna haraka.