Kabla hujaandika "kituo", uliza nani anatua

Miaka kadhaa nyuma nilipewa mwongozo wa wageni niutafsiri kutoka Kiingereza. Kila palipokuwa na senta (centre) nikaweka kituo, ukurasa baada ya ukurasa, bila hata kuinua macho. Mhariri akanirudishia kazi na duara jekundu kwenye "kituo cha mji", na swali moja pembeni: "Basi gani linasimama hapo?" Nilinuna siku nzima. Lakini alikuwa na haki.

Kituo limezaliwa na kitenzi kutua. Ile -o ya mwisho ndiyo inayofanya funga iwe kifungo na ziba iwe kizibo. Halina undugu na "kitu", ingawa nimewahi kusikia mtu akilieleza hivyo bila aibu. Ni la Kibantu halisi. Hata Wachewa wa Malawi husema kutula wakimaanisha kushusha mzigo. Na mzigo ndio siri yenyewe. Ndege hutua, jua hutua, aliyejitwika ndoo husubiri wa kumtua. Ukishatua unatulia, na utulivu umo katika ukoo huohuo.

Ukilishika hilo, matumizi mengine yanafunguka yenyewe. Nukta na mkato huitwa alama za vituo kwa sababu hapo ndipo pumzi inapotua. Washairi nao huita kituo mshororo wa mwisho wa ubeti: maneno yanazunguka weee, halafu yanatua. Na mtoto akilia bila kituo, hapo hatuzungumzii mahali kabisa.

Senta lilipita njia nyingine. Chimbuko lake ni Kigiriki, kentron, yaani ncha kali ya kuchokolea wanyama, kisha ikawa ncha ya bikari inayochomekwa kwenye karatasi huku mguu wa pili ukichora duara. Ni neno la jometri. Kituo hakijali jometri: kituo cha mpakani kiko ukingoni kabisa mwa nchi na bado ni kituo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeandika au kutafsiri ni huu: jiulize kama kuna mtu anayefika hapo akatua. Mgonjwa, abiria, mpiga kura, wote hao wana vituo vyao. Andika bila wasiwasi. Kama unataja kati tu, basi ni katikati: katikati ya mji, katikati ya uwanja. Atomu na yai vina kiini. Kitovu kitunzie pale jambo linapoanzia na kusambaa, kama kitovu cha tetemeko, maana kitovu cha mwilini ndicho kilichokulisha kabla hujazaliwa. (Wanahabari wamelichosha neno hili. Siku hizi kila mji ni kitovu cha utalii.)

Nilisahihisha ule mwongozo wote, na sehemu nyingi kituo kilibaki palepale kilipokuwa, kwa haki yake.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kituo cha redio. Pale hakuna kinachotua. Sauti ndiyo kwanza inaondoka. Nikimuuliza yule mhariri, hucheka na kusema anayetua ni msikilizaji, anayezungusha kitufe kwenye mikwaruzo mpaka asikie sauti ya mtu, aache mkono.