Ati mwani ndo unaovimbisha panya?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mie nalima mwani huku Paje, sasa mtoto wa dada yangu anasoma chuo mjini kaja kunambia ati maabara wana kitu kinatoka kwenye mwani, wanampiga nacho panya sindano mguu uvimbe halafu ndo wanajaribia dawa kama dexa na prednisolone. Nkashtuka, maana sie mwani twatia hata kwenye juisi. Una sumu? Na huyo panya ana lipi la kutwambia sie watu?
Mkulima wa mwani, Paje

JIBU: Waaleikum salaam mama. Mtoto hajakudanganya, kakupa nusu tu. Kitu chenyewe ni karajinani, ute wa mwani mwekundu, viwandani wanautia kwenye maziwa ya chokoleti yasijitenge. Anayopigwa panya mara nyingi ni aina ya lamda, na hiyo haitoki kwenye spinosamu wala kotonii tunazolima sie. Na hata ingekuwa yetu, kula mbali sindano mbali: kitu kigeni kikiingizwa ndani ya nyama panaweza pakavimba, pakawa pekundu, pakauma. Juisi yako kunywa.

Jaribio lenyewe linatumika tangu 1962. Panya anapewa dawa kwanza, baadae kidogo anapigwa mililita 0.1 tu chini ya unyayo wa nyuma, kisha mguu unachovywa kwenye kichupa cha maji wanaangalia maji yamepanda kiasi gani, baada ya saa tatu hivi wanachovya tena. Wasiopewa dawa mguu unafura hasa, wa dexa unafura kidogo, basi hiyo tofauti ndo wanayoitafuta.

Ila mie likiwa peke yake halinitoshi, maana linakwisha siku hiyohiyo na madhara mengi ya steroidi (ndo dawa za kundi la dexa na prednisolone) hayaji siku moja. Ndo panya wengine wanapewa dawa wiki kadhaa, wanapimwa uzito na sukari, mwisho wanauliwa na kupasuliwa (masikini) kuangalia tezi za juu ya figo, kwa sababu steroidi inazisinyaza. Hapo panya na mtu hawapishani: ukimeza dexa muda mrefu tezi zako nazo zinalala, ukiacha ghafla presha inashuka, unaweza ukaanguka ukafa. Kwa hiyo wale wanaonunua dexa dukani ili wanenepe mashavu wasiiache ghafla, na wewe kama nyumbani kuna mtu wa pumu yuko kwenye prednisolone siku nyingi, asiiache kwa kujiamulia, aende hospitali apunguziwe kidogo kidogo.