Nacheza Jumapili tu, nitamfungaje mwenye PS chumbani?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kibaigwa, napakia magunia sokoni, nafasi naipata Jumapili tu baada ya kanisa. Kibanda chetu cha gemu kina TV moja na PS4 (PlayStation) moja, tunacheza Tekken 7, ile ya kupigana wawili wawili, gemu shilingi 500, na ukifungwa unaachia pedi. Namtumia mhusika anayeitwa Hwoarang, na nimekariri kombo ndefu za YouTube, yaani mapigo yanayofuatana bila mpinzani kupumua. Lakini nikija Dodoma mjini, binamu yangu wa UDOM mwenye PS chumbani ananifunga mpaka watu wanacheka. Desemba vijana wa Chang'ombe wana mashindano na nimeshalipa kiingilio. Nifanyeje?
Mpakiaji, Kibaigwa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza muweke Hwoarang pembeni mpaka Januari. Ni mtu mtamu, lakini ana misimamo mingi ya miguu na kila msimamo una mateke yake. Huyo ni wa mwenye pedi usiku kucha. Chukua mhusika Paul. Mapigo yake ya maana ni machache na yanauma. Ile ngumi yake kubwa tu usiitupe ovyo, maana ikikingwa unabaki umesimama uchi mbele ya binamu.

Kombo ndefu nazo ziache. Binamu hakufungi kwa sababu kombo zako ni fupi. Anakufunga kwa sababu akipiga, ukakinga, wewe humfanyi kitu, naye anaanza upya. Gemu hii inakwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazopita kwenye TV. Ngumi ya haraka kabisa ya watu karibu wote, ile ya kitufe cha mraba, inafika kwa fremu 10. Sasa lile teke la kuruka ambalo kila mtu wa kibandani analipenda, kwa wahusika wengi likikingwa linamwacha mpigaji amechelewa fremu 13 hivi. Hesabu mwenyewe: mraba, pembetatu, ngumi mbili, na hana pa kukimbilia. Damu unayompunguzia ni kidogo, lakini ni ya uhakika, na akishapigwa hivyo mara kadhaa ataacha kuruka. Hapo umeshamnyang'anya nusu ya mchezo wake.

Teke la chini la kufagia miguu ni habari nyingine. Ngumi ya fremu 10 huwezi kuiona ukaikinga, jicho la binadamu halina kasi hiyo. Lile teke refu la kufagia la mhusika Bryan linaonekana vizuri kabisa, maana linachelewa kufika. Chuchumaa, kinga, kisha inuka na pigo la kumrusha hewani. Ila usikae umechuchumaa muda wote ukilisubiri, mapigo ya katikati yatakumaliza.

Na mhusika King, yule wa mieleka, akikukamata, tazama mikono yake inavyokuja. Wa kushoto umetangulia, bonyeza mraba. Wa kulia, pembetatu. Yote miwili, vyote viwili kwa pamoja. Watu wanabonyeza kila kitu kwa hofu, halafu wanailaumu pedi.

Mazoezi sasa. Mwenye kibanda hana wateja asubuhi kabla watu hawajatoka kanisani. Ongea naye, nawe nenda ibada ya kwanza, inaisha mapema. Mpe hela ya gemu mbili akuachie TV kwenye sehemu ya mazoezi. Pale unaweza kumrekodi mpinzani akipiga teke la kufagia, ukamrekodi tena akipiga pigo la katikati, kisha ukaiambia mashine ichanganye yenyewe. Wewe kazi yako ni kukinga na kujibu tu, mpaka vidole viende bila kuulizwa. Nusu saa ya namna hiyo naithamini kuliko Jumapili nzima ya kufungwa na kurudi foleni.

Foleni yenyewe ni darasa la bure. Ukiwa kwenye benchi usishangilie tu. Sema kimoyomoyo “hilo limekingwa, jibu,” kabla mchezaji hajajibu. Utashangaa ni wangapi hawajibu.

Usimwogope mwenye PS yake. Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, mwaka 2019 alichukua EVO Japan, tawi la Japani la EVO, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, halafu akaenda Las Vegas akachukua EVO yenyewe, fainali akimfunga mchezaji Knee wa Korea Kusini. Kabla ya hapo nje ya kwao wachache walimjua. Kwao wanakaa kwenye vibanda wanafungana uso kwa uso, na anayetoka salama pale anatisha popote.

Halafu uliza mapema Chang'ombe wanatumia pedi za nani. Kama mnaruhusiwa kubeba, azima ya kibandani kwenu, ile uliyoizoea hata kama mshale wa chini ni mgumu.

SWALI: Kaka, nacheza Tekken 8 mtandaoni kwa bando la simu, pigo linachelewa. Ninunue PS5 nyingine?
Area C

JIBU: Hapana jamani! Mashine haina kosa. Simu inapeleka data kwa mafungu, mara haraka mara polepole, na mpinzani wako huenda yuko Ulaya. Tafuta intaneti ya waya, chomeka kebo moja kwa moja kwenye PS, na chagua wapinzani wenye alama nzuri ya mtandao. Hela ya PS5 nunua kiti, mgongo wako utakushukuru.