Kufuga nyoka ambaye hutamwona

Haipiti wiki bila mtu kunitumia ile picha: nyoka mweusi, kila gamba limeshika kijani, zambarau na dhahabu. Na swali ni lilelile: "Kaka, huyu nampataje hapa Kampala?" Mimi nimeishi na mmoja Entebbe mwaka wa sita huu, na huwa namrudishia swali: uko tayari kufuga sanduku la udongo? Maana siku 28 kati ya 30 ndicho utakachokuwa unakitazama.

Wataalamu humwita Xenopeltis unicolor. Hilo neno la pili maana yake ni rangi moja, na walikuwa sahihi. Mgongo wake ni kahawia iliyokolea inayokaribia weusi, tumbo jeupe, basi. Juu ya kila gamba kuna mifereji midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo huupasua mwanga vilevile kama sidii unapoigeuza juani. Weusi ulio chini ndio unaozikoleza rangi. Gizani, anakokaa maisha yake karibu yote, hana tofauti na nyoka mwingine yeyote. Kwao ni kusini-mashariki mwa Asia, kwenye mashamba ya mpunga na ardhi yenye majimaji, toka Myanmar hadi Indonesia na Ufilipino. Urefu wake ni kama mita 1, na wakubwa hufika 1.3. Hana sumu.

Wangu alikuwa wa mgeni mmoja aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Makaratasi yakabadilishwa jina, nyoka akabaki kwangu. Jina alipewa na mtoto wa jirani. Nilimtoa nje saa nne asubuhi nisafishe sanduku, jua likampiga mgongoni, yule mtoto akaruka: "Musoke!" Kwa Kiganda ni upinde wa mvua.

Kosa langu lilianza siku hiyohiyo. Sifa zilinilevya. Kila aliyekuja nyumbani nilimfukulia Musoke, nikamweka juani, picha zikapigwa. Akawa akishikwa anatetemesha mkia na kutoa harufu mbaya iliyokaa mikononi hata baada ya sabuni. Mimi nikasema ni ukorofi tu. Kisha akagoma kula. Wiki ya kwanza, ya pili, hadi ya saba. Uti wa mgongo ukaanza kujichora kama mshipi. Kilichomponya ni kuachwa: nilifunika sanduku kwa kanga kuukuu, nikabadilisha maji usiku tu, sikugusa kingine. Siku ya kumi na mbili panya niliyemwachia jioni hakuwepo asubuhi.

Kwa hiyo ukimpata, mwezi wa kwanza usimfukue kabisa. Wengi wanaouzwa duniani wamekamatwa porini, wanafika wamekauka, wamechoka na wana minyoo. Mkono wako ni mzigo wasiouhitaji.

Udongo ndio nyumba yenyewe. Natumia vumbi la makumbi ya nazi lililochanganywa na udongo mweusi wa bustani isiyopigwa dawa, kina cha sentimita 15, na majani makavu juu. Kipimo changu ni ngumi: shika, kamua. Ukifungua kiganja na donge likasimama bila tone la maji kudondoka, hapo sawa. Likimomonyoka ni kavu, na gamba litamng'ang'ania wakati wa kujivua. Likidondosha maji, tumbo litaota malengelenge. Haya nimeyaona kwa sababu niliwahi kuziba matundu ya kifuniko nikidhani nalinda unyevu. Beseni la maji liwe kubwa kiasi cha yeye kuingia mzima. Na kifuniko kifungwe kwa vibanio, kwani pua yake imeumbwa kusukuma.

Joto ndilo linalowaponza wengi hapa kwetu, maana tunaamini Uganda ni joto. Mchana ndiyo, nyuzi 27 au 28. Lakini tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na alfajiri Entebbe hushuka hadi 17 au 18. Sehemu kubwa ya kwao usiku haufiki huko. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 28 na mwingine 25, ajichagulie. Umeme ukikatika najaza jerikeni la lita 5 maji ya moto, nalifunga kwa blanketi na kuliegemeza ubavuni mwa sanduku. Linanivusha hadi asubuhi.

Chakula: panya mfu, aliyefugwa, mmoja kila siku 10. Wa mtaani usijaribu, hujui amelamba sumu ya nani. Porini hula mijusi, vyura, hata nyoka wenzake, na meno yake yana bawaba, yanalala nyuma anapomeza kitu chenye magamba magumu. Nyoka wenzake, nimesema, kwa hiyo sanduku moja, nyoka mmoja.

Mzee mwenye nyumba yangu ni Muganda, na Muganda akikutana na mgeni humuuliza ukoo. Alipomwona Musoke akaniuliza, "Kijana, huyu ukoo wake upi?" Nikamwambia, "Mzee, ni wa chatu." Akacheka, akidhani namtania. Kwa sura hata mimi nisingesadiki. Chatu wetu ana vishimo midomoni vya kuhisi joto la mnyama, Musoke hana. Chatu ana kucha mbili ndogo karibu na mkia, mabaki ya miguu ya mababu, Musoke hana hata hizo. Zamani wataalamu walimhesabu pamoja na nyoka wengine wa kale wachimbaji, kwa kuangalia fuvu lake lililoshikamana. Vinasaba ndivyo vilivyomhamisha. Ndugu zake wa karibu ni chatu wote, akiwemo yule mdogo wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayejikunja kama mpira, pamoja na nyoka mmoja mchimbaji wa Mexico hadi Costa Rica aitwaye Loxocemus. Huku kwenye misitu ya Kongo na Afrika Magharibi yuko Calabaria, mchimbaji aliyeitwa chatu miaka mingi, hadi ikaonekana ni wa upande wa maboa, jamii nyingine ya nyoka. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akasema kodi ni tarehe 5.

Sasa lile linalonitisha. Kuna wanaoniandikia kwamba wamempata "Musoke" bustanini, Wakiso au Mukono, baada ya mvua. Ndugu yangu, huyo si yeye. Nyoka huyu haishi Afrika. Mweusi, mfupi, anayeng'aa, aliyetoka ardhini usiku wa mvua hapa Uganda anaweza kuwa Atractaspis, na huyo ana sumu. Meno yake marefu hutokeza ubavuni mwa mdomo bila kuufungua, kwa hiyo ukimshika nyuma ya kichwa, kama ulivyoona kwenye video, anakuchoma kidole akiwa palepale mkononi mwako. Maumivu yake makali, nyama huoza, wapo waliopoteza vidole, na dawa ya kuzuia sumu yake haipo. Piga picha ukiwa mbali, mwache apite.

Ukiona bado unamtaka, anza na kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 haichezi na anayeingiza wanyama kwa mlango wa nyuma, na mimi simwelekezi mtu kwa wachuuzi.

Wageni wangu siku hizi siwafukulii tena Musoke. Nawapa gamba alilojivua. Ukilishika hewani ni kama nailoni ya mfuko, halina kitu. Lilaze juu ya kitambaa cheusi dirishani, uliinamishe kidogo, kijani kinakuja, kisha zambarau. Mtoto wa jirani amebandika kipande kwenye jalada jeusi la daftari lake la sayansi, na sasa darasa zima linasubiri Musoke ajivue tena.