Taifodi inarudi kila mara? Omba wakupime na kifuko cha nyongo

Jamani hili la taifodi na mawe ya kwenye kifuko cha nyongo watu wengi hatuliunganishi kabisa, na mimi nimelijua kwa kumuuguza mama mkwe wangu. Yeye homa ikipanda anapimwa damu, anaambiwa taifodi, anapewa dawa, anapata nafuu afu baada ya miezi inarudi tena, na katikati hapo akila nyama ya mafuta anabanwa chini ya mbavu za kulia mpaka maumivu yanapanda begani, kila mtu anasema ni vidonda vya tumbo. Siku alipoandikiwa ultrasaundi ndio mawe yakaonekana. Kinyesi kikaoteshwa maabara, vikatoka vijidudu vya taifodi wakati hana homa hata kidogo, na yeye ndo anapikia nyumba nzima.

Daktari alivyotuelezea ni hivi, Salmonella Typhi, yaani kijidudu cha taifodi, inatoka utumboni inaingia kwenye damu, inafika kwenye ini, afu inashuka na nyongo mpaka kwenye kifuko. Vijidudu vingi nyongo inaviua, ila hichi kinaivumilia, na kikikuta jiwe kinajibandika juu yake na kujitengenezea utando ambao antibayotiki hazipenyi vizuri. Ndo maana unameza dozi yote na bado kipo. Kati ya watu 100 wanaougua taifodi, kama 3 hadi 5 wanabaki wabebaji wa muda mrefu, wanawake na wenye mawe wakiwa wengi zaidi. Yule mpishi wa New York, Mary Mallon, alikuwa hivyohivyo, mzima wa afya lakini anaambukiza anaowapikia, wakamtenga 1907 mpaka 1910, wakamrudisha 1915 akakaa huko mpaka alipofariki 1938. Kutolewa kifuko alikataa.

Lakini sio kila jiwe lina bakteria nyuma yake, mengi ni ya kolesteroli, na wenye selimundu wanayapata pia kwa sababu damu yao inavunjika sana. Yanayotokana na bakteria kama E. coli ni yale ya kahawia, laini laini.

Kwa hiyo nawaomba sana, Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, peke yake isikutoshe, inaweza kusoma hata ugonjwa wa zamani. Ukiwa na homa omba damu ioteshwe, na kama inajirudia omba kinyesi kioteshwe na ultrasaundi ya tumbo. Na ile ya kunywa mafuta ya zeituni na limau "kutoa mawe" achaneni nayo, vile vidonge vya kijani vinavyotoka ni mafuta yenyewe yamegandana, mawe yako yamebaki palepale. Mama alitolewa kifuko kwa upasuaji wa matundu madogo, afu kinyesi kikarudiwa kupimwa, maana vijidudu vinaweza kubaki hata kwenye mirija ya ini.

Ila ukiona homa ya kutetemeka, macho ya njano na maumivu upande huo wa kulia, usisubiri kesho, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.