Magurudumu ya kifaru yameyeyuka ndani ya boxi, ni joto ama ni nini?

SWALI: Fundi habari. Niko Kakamega. Marehemu mjomba wangu aliishi Kisumu, na tulipokuwa tunatoa vitu kwa stoo yake tukapata modeli za plastiki za kuunga. Kuna kifaru cha vita cha Centurion cha kampuni ya Tamiya, saizi ya 1/35 (yaani kidogo mara 35 kuliko cha kweli), hakijaungwa. Kuna kingine alikuwa ameanza kuunga na kupaka rangi, na kuna ndege ya kivita ya Spitfire ya kampuni ya Airfix bado iko kwa mfuko wake na kadi ya karatasi juu. Magurudumu ya hiyo Centurion yamechimbika kama yamechomwa, nadhani ni joto la mabati. Stika zimekuwa njano. Chini ya kifaru kuna mashimo sijui ni ya nini. Naweza kutoa ile rangi mbaya na thina? Na zikiuzwa ni pesa ngapi?

JIBU: Pole kwa msiba ndugu yangu. Wacha nianze na magurudumu juu hapo ndio kuna kazi.

Si joto. Hizo modeli ni plastiki ya polistaireni na hiyo huanza kulegea ikikaribia nyuzi 100, stoo ya mabati hata Kisumu mwezi wa pili haifiki huko. Inaweza kupinda bawa refu likilaliwa na kitu kizito miaka mingi, lakini kuchimba gurudumu, hapana. Angalia tena picha uliyonitumia. Alama zimefuata mstari, zina meno meno, na vipande vilivyokuwa upande ule mwingine wa boxi viko sawa kabisa. Hayo meno ni ya cheni, ile mikanda inayozunguka magurudumu ya kifaru. Zile cheni nyeusi laini ni za vinaili, plastiki ya aina nyingine, na vinaili yenyewe ni ngumu, kwa hivyo kiwandani huchanganywa na mafuta ya kuilainisha, sasa hayo mafuta hayakai mahali pamoja milele, hutoka polepole na kuingia kwa plastiki yoyote iliyogusana nayo, na polistaireni ikishayanywa inakuwa laini kama chingamu. Joto huharakisha tu. Kwa hivyo mabati yana lawama kidogo lakini mwenye kesi ni cheni.

Leo leo toa cheni kwa boxi, zifunge kwa foili ya jikoni, ziweke mbali na kila kitu. Hata zile stika usiziweke nazo pamoja. Halafu osha magurudumu na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini, usisugue sana, na uyaache wazi kwa hewa wiki kadhaa. Penye bado panashika kidole baada ya hapo, kata na wembe mpaka ufike plastiki ngumu. Ya kujaza utengeneze mwenyewe: chukua ile fremu ambayo vipande vimeshikanishwa nayo, katakata vidogo vidogo, tia kwa chupa ya kioo na gundi ya modeli ya majimaji, funika, kesho yake utakuta imekuwa nzito. Pakaa kidogo kidogo na ungoje siku nzima kabla ya kuongeza. Watu hupaka nene mara moja, juu inakauka, wanapiga msasa vizuri kabisa, halafu wiki mbili baadaye inadidimia ndio wanaanza kulaumu gundi.

Lakini kabla uhangaike na yote, hesabu. Centurion ina jozi sita za magurudumu kila upande, na gurudumu la ndani la kila jozi halionekani ukishaunga. Pia kifaru chenyewe kina mabati ya pembeni yanafunika sehemu ya juu ya magurudumu. Yaliyoharibika sana yaende ndani, yaliyoharibika kiasi yaende nje na kovu liangalie juu. Ukipanga hivyo unaweza kujikuta unarekebisha matatu manne tu. Siku ya kurudisha cheni, jua rangi huchelewesha hayo mafuta lakini haiyazuii, so weka ukanda mwembamba wa foili kati ya cheni na gurudumu pale zinagusana, ukipaka rangi hakuna atakayeona. Mimi ningetafuta cheni za plastiki ngumu, watu huuza peke yake, ile mambo inaisha.

Mashimo chini si uharibifu. Tamiya, hawa wa Shizuoka huko Japani, vifaru vyao vya zamani vilikuwa vinatembea. Kulikuwa na mota na betri ndani, na swichi ilikuwa inapitia chini. Hata hiyo saizi ya 1/35 ilitokea hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza kifaru cha Panther kikubwa cha kutosha betri ziingie, na saizi ikabaki hiyo mpaka leo, nusu ya dunia inawafuata. Ziba na kipande cha plastiki. Kava ya CD ya zamani ni polistaireni, na vikombe vingine vya yoghurt pia, angalia chini kama kuna pembetatu ina namba 6.

Sasa thina. HAPANA. Ile thina ya kuchanganya duco inauzwa hadware itakula hiyo modeli mbele ya macho yako. Dawa ya kutoa Cutex pia, petroli pia. Kama unabisha chovya kipande cha ile kava ya CD uone. Kwa rangi ya mafuta iliyokauka miaka mingi mimi hutumia mafuta ya breki, DOT 3 ama DOT 4, si DOT 5 juu hiyo ni silikoni haifanyi kitu. Jaribu kwa kipande cha fremu kwanza, kikikaa usiku mmoja bila shida ndio uloweke modeli, vaa glavu, uwe unaangalia kila baada ya masaa machache, rangi ikianza kukunjamana toa, piga mswaki, osha na sabuni. Usipige msasa mkavu kwa hiyo rangi ya mjomba kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi na vumbi lake ni sumu, sana sana kama kuna watoto kwa nyumba.

Gundi: hapo mtaani watakuuzia supa glu. Inashika, lakini gundi ya modeli huyeyusha nyuso zote mbili zikawa kitu kimoja halafu inapeperuka, ni kama umechomelea. Supa glu inakaa tu katikati. Na usiiweke karibu na kioo cha rubani, mvuke wake huacha ukungu mweupe, hapo tumia gundi nyeupe ya mbao. Kama huipati ya modeli, waulize watu wa saini bodi ile ya majimaji ya kuunga perspeksi, sisi wa modeli za majengo huku Nakuru tunaitumia. Iko kali sana, tone kwa brashi nyembamba linatosha, na dirisha wazi.

Stika ni rahisi. Weka karatasi yake kwa mfuko wa plastiki wa kuonekana, bandika na selotepu dirishani penye jua la asubuhi, angalia kila siku, njano huisha kwa wiki moja mbili. Toa kabla mvua ya jioni, huko kwenu naijua. Stika hizi hulowekwa majini ndio zitoke kwa karatasi, kwa hivyo kabla ya kuloweka puliza vanishi isiyo na rangi juu ya karatasi yote, la sivyo zitavunjika vipande majini, halafu kata kila stika peke yake.

Pesa usitarajie nyingi. Airfix walianza Spitfire 1953, zikiuzwa shilingi mbili za Uingereza kwa maduka ya Woolworths, na wametoa Spitfire tena na tena, kwa hivyo ziko kila mahali. Mnunuzi analipia ule mfuko na kadi, si plastiki ya ndani, so usifungue kama unataka kuuza, hata stepla zenye kutu usiguse. Ile Centurion sasa, na magurudumu hivyo, bora uiunge. Nitumie picha nyingine ya cheni mchana, ile ya kwanza ni giza siwezi kuona kama zimeanza kupasuka.